Malezi, Mazungumzo na Utambuzi wa Nia kwa Watoto wa Delta ya Rufiji

Neno "malezi" hukusanya mambo mawili: kumkuza mtoto kwa chakula na ulinzi, na kumfunza adabu za watu. Makala haya yanakusudia kueleza jambo la tatu lililomo ndani ya hayo mawili, nalo ni jinsi mazungumzo ya mlezi yanavyomfunulia mtoto kwamba kila mtu ana nia yake na dhana yake, na kwamba dhana hiyo yaweza kuwa si kweli. Mifano imechukuliwa kutoka Kibiti na delta ya Rufiji, ambako Kiswahili na Kindengereko hukaa nyumba moja.

Yafaa kwanza kutazama mahali penyewe. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni wakakae katika vijiji vya miinuko, lakini mashamba ya mpunga yalibaki bondeni. Kwa hiyo wakulima wengi huhamia shambani kwa msimu, wakakaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Mtoto akiwa huko na bibi yake, maneno mengi ayasikiayo ni ya mlezi huyo mmoja. Tuchukue mfano kwamba bibi ananyosha kidole na kusema, "Waone ndege wale, mume wangu, wanadhani tumelala."

Katika sentensi hiyo fupi yamo mambo matatu. La kwanza ni kidole: bibi na mjukuu wanatazama kitu kimoja, na kila mmoja ajua kwamba mwenziwe anakitazama. Uwezo huu aghalabu huanza kujitokeza kati ya miezi 9 na 12, nao ni msingi wa kujifunza maneno. La pili ni kitenzi "kudhani", kinachotenga fikra na ukweli. La tatu ni utani wa kumwita mjukuu "mume wangu", ambao humzoeza mtoto kutambua kwamba asemalo mtu si lazima liwe ndilo akusudialo.

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya namna hii. "Eti" huonyesha kwamba habari ni ya mwingine na msemaji haidhamini. "Kumbe" hutangaza kwamba msemaji alikuwa na dhana nyingine, na sasa ameijua kweli. Mtoto anapopiga ukelele wa "Kumbe ulikuwa hapa!" katika mchezo wa kombolela, analitumia neno lenye kubeba dhana ya zamani na ukweli wa sasa kwa pamoja.

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walieleza njia ya kupima utambuzi huu. Kwa mfano wa kwetu: Juma aweka embe kikapuni, kisha atoka, mama alihamishia chunguni. Juma akirudi, atalitafuta wapi? Watoto wengi wa miaka 3 husema "chunguni", kwa kuwa ndipo lilipo. Wengi wa miaka 4 au 5 husema "kikapuni", kwa kuwa wametambua dhana ya Juma.

Ama kuhusu watoto wenye maumbile tofauti, mwaka 1985 Simon Baron-Cohen na wenzake, huko London, waliwapima watoto 20 wenye usonji, na 16 kati yao wakashindwa. Katika watoto 14 wenye Down, 12 walifaulu, ijapokuwa umri wao wa akili ulikuwa mdogo zaidi. Basi tatizo halikuwa uzito wa akili kwa jumla. Wala si kosa la mama: katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi wa Marekani walidai kwamba usonji huletwa na ubaridi wa mzazi, na dai hilo limekwisha kukataliwa.

Hali ya viziwi yafundisha jambo jingine. Mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi wasiojua lugha ya alama mara nyingi huchelewa katika kipimo hiki, lakini aliyelelewa na wazazi viziwi wanaozungumza naye kwa alama hachelewi hivyo. Basi kinachomchelewesha ni kukosa mazungumzo, si kukosa masikio. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963. Hata hivyo shule humpokea mtoto baada ya miaka ambayo msingi huu hujengwa nyumbani. Mtoto kiziwi akikaa dunguni bila lugha, huona ndege na kidole. Neno "wanadhani" halimfikii.

Kwa hiyo mlezi asishauriwe kungoja tu. Kwa kiziwi, alama zianze mapema, nao jamaa wote wajifunze. Kwa mwenye usonji, mlezi afuate kile mtoto akitazamacho, na utani ufuatiwe na maelezo ya wazi: "Bibi anatania, hakukasirika." Nasi wanafunzi wa lugha tunayo kazi yetu: kukusanya maneno ya nia na dhana katika Kiswahili na Kindengereko, pamoja na alama zinazolingana nayo, ili anayemsaidia mtoto awe na maneno ya kumpa.