Beji na Sare za Walinzi wa Nyeri: Namna ya Kuzihifadhi

Katika nyumba kadha wa kadha za Nyeri, Karatina na Nanyuki lipo sanduku la bati ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Ndani yake huwamo beji ya shaba, utepe uliochujuka rangi, au kabuti la kiaskari lililoliwa na nondo. Mwenyewe akiisha kufariki, vitu hivyo mara nyingi hutupwa, au huuzwa pamoja na vyuma chakavu. Wako pia watu wanaovikusanya kwa kuvipenda. Yafaa wasomaji wajue vitu hivyo ni nini, na kwa nini habari zake zina thamani kuliko shaba yenyewe.

Kazi ya kwanza ya beji ni kumtambulisha aliyeivaa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1939 hadi 1945, vijana wengi wa Kenya waliingia Keya, yaani King's African Rifles. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, walivaa nembo ya kichwa cha faru. Kadhalika ilikuwako Nishani ya Ulinzi, ambayo raia wa Uingereza waliozima moto na kulinda mitaa yao waliipata pia. Utepe wake una rangi ya moto katikati kwa ajili ya mabomu, kijani pembeni kwa ajili ya nchi, na mistari myembamba myeusi kwa ajili ya miji iliyozimwa taa usiku.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, vita vilifika mlangoni. Serikali iliunda kikosi cha walinzi wa vijiji walioitwa homgadi, na kwa Kikikuyu ngati. Hapo mwanzo wengi hawakuwa na sare. Walishika mikuki, pinde na mapanga, na kitambaa kilichofungwa mkononi ndicho kilichowatenga na adui. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1955, na baadhi yao wakaingia katika polisi wa kikabila. Wapiganaji wa msituni nao walijishonea makoti ya ngozi za wanyama. Dedan Kimathi alipokamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui.

Basi kitambaa cha mkononi na koti la ngozi huenda vilitoka katika boma moja, kwa ndugu wawili. Hiyo ndiyo sababu ya masanduku kufungwa. Mjukuu akikuta kitu cha namna hiyo hajui kama ajivune au akifiche, na akikiuza kimyakimya, habari ya babu yake imekwisha. Mkusanyaji mwema hajifanyi hakimu. Huuliza, husikiliza, akaandika.

Anayetaka kuhifadhi na ashike mambo haya. Kwanza, aandike kitu kilikuwa cha nani, wa kijiji gani, kilipatikana lini na kutoka kwa nani. Nyota za Vita vya Pili kwa kawaida zilitolewa na Uingereza bila jina la mtu, hivyo zikiisha kutengana na mwenyewe hazitambulikani tena. Nishani ya Utumishi wa Afrika yenye kipande kilichoandikwa "Kenya" ina jina ukingoni. Hapana budi kulisoma na kulinakili.

Pili, asisugue shaba kwa mchanga wala majivu, maana maandishi hufutika. Sare isifuliwe wala kutundikwa msumarini. Ilazwe katika kitambaa safi cha pamba, mbali na moshi, jua na unyevu. Tatu, akikuta risasi au bunduki asiiguse, bali awaarifu polisi. Nne, asimnunulie mzee mwenye shida bila kumweleza thamani ya kitu chake. Tena ajihadhari, kwani nishani za kuigiza zimejaa sokoni.

Asiyeweza kutunza mwenyewe na aombe shauri katika Makumbusho ya Nyeri, yaliyo katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika.

Shaba hudumu miaka mingi, lakini mtu aliyeivaa hadumu. Aliye na mzee nyumbani na achukue daftari leo, akae karibu naye, amwulize kwanza. Vumbi la beji laweza kungoja.