Waliovuka Afrika kwa Miguu, Mume na Mke

Mtu atokaye Lugulu kwenda Kitale siku hizi hupanda matatu, na kabla hajamaliza mazungumzo na jirani yake amekwisha fika. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya magari kuenea, msafiri alikwenda kwa miguu yake, mzigo kichwani, na usiku ukimkuta njiani alibisha hodi kwa jamaa au hata kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo habari ya mume na mke walioitembea Afrika kutoka kusini hadi kaskazini si habari ya ajabu tu. Ni habari ya desturi ambayo wazee wa pande hizi waliijua vyema.

Watu hao ni Wafaransa, Bwana Alexandre Poussin na mkewe Sonia. Tarehe 1 Januari, 2001, waliondoka Rasi ya Tumaini Jema, katika Afrika ya Kusini, wakaelekea kaskazini. Nia yao ilikuwa kulifuata Bonde la Ufa na milima iliyo kando yake, na kupita katika nchi ambamo wataalamu wamefukua mifupa ya watu wa kale kabisa. Walipita Malawi na Tanzania, wakapanda Kilimanjaro, wakaingia Kenya, wakashika njia ya Ziwa Turkana hadi Ethiopia, kisha Sudan na Misri. Mwaka 2004 walifika Ziwa la Galilaya. Mwendo wao wote ulikuwa kama kilometa 14,000, na uliwachukua zaidi ya miaka mitatu.

Hesabu hiyo hutisha ikisomwa mara moja. Lakini ikigawanywa kwa siku zote za safari, pamoja na siku za kupumzika, ni kama kilometa 12 kwa siku. Watoto wengi wa shule za zamani walikwenda mwendo kama huo asubuhi na jioni, tena bila viatu. Basi siri haikuwa nguvu za ajabu, bali kutoacha. Haba na haba hujaza kibaba.

Bwana Poussin hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1997, yeye na rafiki yake Sylvain Tesson walitembea katika milima ya Himalaya, huko Asia, kilometa 5,000 kwa muda wa miezi sita. Walakini safari ya rafiki wawili si sawa na safari ya mume na mke. Marafiki wakigombana, kila mmoja aweza kushika njia ya kwao. Mume na mke kwao ni kumoja. Katika safari yao, aliyechoka ndiye apimaye mwendo wa wote wawili, na atanguliaye peke yake hajafika popote.

Jambo la pili lililowafikisha ni milango ya watu. Hawakuwa na gari la kuwafuata wala msafara wa wapagazi. Vitu vyao waliviweka mgongoni, na mgongo hauwezi kubeba chakula cha miaka mitatu. Jioni waliomba mahali pa kulala kwa wale waliowakuta njiani, na wengi waliowapokea walikuwa wakulima na wafugaji wasio na mali nyingi. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wa miguu kwa kawaida huondoka kabla ya siku ya jembe. Naye hulipa kwa habari za alikotoka.

Tofauti yake na safari za kale yaonekana wazi katika nchi hii yenyewe. Mskoti Joseph Thomson alipofika Mlima Elgon na kuyaona mapango yake mwaka 1883, aliongoza wapagazi wengi. Mwaka 1895, C. W. Hobley alikuja na majeshi yenye bunduki, vikapiganwa vita vya Chetambe, juu ya mlima ulio karibu na Webuye, na Wabukusu wengi wakauawa. Mwaka uliofuata Hobley aliuzunguka Mlima Elgon. Mwenye nyumba akiona jeshi laja, hufunga mlango na kujenga boma. Akiona watu wawili wenye vumbi miguuni, mume na mke, huuliza kama wamekula.

Wako wasomaji watakaosema kwamba safari ya namna hii ni ya wageni wenye nafasi. Lakini Mlima Elgon uko mlangoni pa Lugulu, na mume na mke wenye afya waweza kuufikia kwa kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kimilili hadi Kapsokwony, ambako njia huanza kupanda kuelekea msituni. Huko juu, katika bonde kubwa la kileleni, hutoka mto Suam na chemchemi za maji ya moto. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye meta 4,321, kiko upande wa Uganda. Upande wa Kenya yuko Koitobos, mwenye meta zipatazo 4,200.

Yafaa wajiandae. Miezi ya Desemba hadi Februari ina mvua chache. Usiku baridi ya juu hugandisha maji, basi blanketi moja halitoshi. Viatu vipya visianze kuvaliwa siku ya safari. Waombe ruhusa kwa walinzi wa hifadhi, wachukue kiongozi aijuaye njia, wala wasivuke mpaka bila idhini. Tena wasiingie ovyo katika mapango yenye popo. Mwaka 1980, na tena 1987, mtu aliyekuwa amelitembelea pango la Kitum alipatwa na ugonjwa wa Marburg akafa. Na wataalamu wamethibitisha kwamba popo walao matunda hubeba virusi vya ugonjwa huo.

Hata asiyetaka kupanda mlima ana sehemu yake katika safari hizi. Akina Poussin wasingalivuka hata nchi moja kama kila mwenye nyumba angaliwaambia waende mbele. Siku hizi watu wamejenga nyua ndefu, na mgeni hutazamwa kwanza kama mwizi. Hadhari ni jambo jema, lakini desturi isiyotumiwa hufa, na ikisha kufa hainunuliwi dukani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: neno hilo halikusemwa kwa faida ya mgeni peke yake.