Kuchoma Maiti, Je, Ni Kuvunja Mila?

Huku Meru na Embu, ukitaja kuchoma maiti wazee husema, "Hiyo si mila yetu!" Lakini hata kaburi si la zamani sana. Mababu zetu walipeleka maiti wengi kichakani, wakaachiwa fisi. Ni mkoloni na misheni waliotuzoesha kuzika kila mtu.

Japani karibu wote huchomwa, kisha jamaa huokota mifupa kwa vijiti, ya miguu kwanza, ya kichwa mwisho. Hapa Kenya, Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Anglikana alimchoma mkewe mwaka 2002, watu wakanung'unika kweli. Naye akachomwa 2005.

Nairobi ni mbali, na gari ni pesa. Basi kikundi kikikaa, kila mwanachama aseme anataka nini, karani aandike, kabla watoto hawajauza ng'ombe wanunue jeneza.