Kupata Nafuu Si Kupona: Vidonge vya Moyo kwa Mama Aliyejifungua

Wamama wapenzi, hapa kwetu Buleusa tumeona haya. Mama amejifungua salama, lakini baada ya wiki chache miguu inavimba, usiku hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, na kilima kidogo tu kinamshinda. Watu wanasema, "Amepewa sumu." Kumbe inaweza kuwa moyo: msuli wake umelegea na kupanuka, hausukumi damu vizuri. Ugonjwa huu huanza mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 baada ya kuzaa.

Mwenzetu mmoja wa kikundi aliupata. Alipewa vidonge, akapata nguvu, akarudi shambani. Kisha akaviacha ili pesa zilipe minervali ya watoto. Sisi wenyewe tulimsifu. Haukupita muda mrefu, tulimbeba kwa kipoyi hadi hospitali. Mungu alimsaidia, yu hai, lakini tulijifunza.

Kati ya dawa zake kulikuwa na betabloka, kama karvediloli au bisoprololi. Zinafanyaje kazi? Moyo ukichoka, mwili unausukuma upige haraka zaidi, kama mwanamke aliyelemewa na mzigo wa kuni, na mtu nyuma yake anapiga kelele, "Kimbia!" Betabloka inamnyamazisha huyo mpiga kelele. Moyo unapiga polepole, unapumzika, na baada ya miezi mingi unaweza kupungua ukubwa na kurudisha nguvu.

Zamani waganga waliogopa kumpa mwenye moyo dhaifu dawa ya kuupunguza mwendo. Mwaka 1975 huko Göteborg, Sweden, wagonjwa 7 walipewa, wakapata nafuu. Mwaka 1999 majaribio makubwa yalithibitisha kwamba inapunguza vifo.

Je, aliyepona aache? Mwaka 2018 waganga wa London walitoa matokeo ya wagonjwa 51 ambao moyo wao uliopanuka ulikuwa umerudi sawa. Kati ya 25 walioachishwa dawa za moyo polepole, 11 ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi 6. Walioendelea nazo katika miezi hiyo, hakuna hata mmoja.

Basi, wamama, tukumbuke:

- Dawa huanza kwa kipimo kidogo. Wiki za kwanza uchovu unaweza kuongezeka. Mwambie munganga, usiache mwenyewe.
- Mwenye pumu amwambie munganga kabla ya kumeza.
- Usimgawie jirani vidonge vyako.
- Tukikimbia vita, vidonge viwe katika mzigo wa kwanza, pamoja na kitambulisho.
- Kabla ya mimba nyingine, mwone munganga. Ugonjwa unaweza kurudi, na dawa nyingine za moyo zinadhuru mtoto tumboni.

Mama akishindwa kununua, asinyamaze. Alete jambo hilo kikaoni. Likelemba yetu hununua sahani na vitenge. Inaweza pia kununua vidonge vya mwezi mmoja.