Vidoti vya kahawia kwenye gari jeupe: usikimbilie kupiga rangi, huenda ni chuma cha breki

Gari limeoshwa, limefutwa, linang'aa. Lakini jua likipiga mlangoni, vinaonekana vidoti vidogo vya rangi ya chungwa, kama mtu amenyunyizia unga wa pilipili. Sabuni haivitoi. Kusugua hakuvitoi. Mwenye gari anaambiwa kutu imeanza, na dawa yake ni kupiga rangi upya.

Kabla hujatoa hela hiyo, jua kwamba mara nyingi vidoti vya aina hii si bodi inayooza. Ni chembe za chuma zilizotoka nje na kunasa juu ya rangi. Ipo dawa ya kuziondoa bila msasa wala bomba la rangi. Kwenye chupa huandikwa Iron Remover au Fallout Remover.

Chuma kinatoka wapi?

Chanzo kikubwa ni breki. Kila ukikanyaga breki, pedi zinaibana diski, na diski za magari mengi ni za chuma. Msuguano unasaga chembe ndogo sana zikiwa na moto. Nyingine zinabaki kwenye rimu, ndiyo maana rimu za mbele hupata vumbi jeusi haraka. Nyingine zinarukia milango, bampa ya nyuma na buti, au gari linalokufuata.

Chanzo cha pili ni reli. Magurudumu ya treni na reli vyote ni chuma, kwa hiyo gari linaloegeshwa kila siku karibu na njia ya treni hupata vumbi lake. Cha tatu ni mafundi wa mageti na madirisha. Ukiegesha karibu na grenda inayokata chuma, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji Nairobi, cheche zile zikitua kwenye gari zinanasa.

Na kwa kuwa magari mengi ya Afrika Mashariki yametumika Japani kwanza, gari linaweza kushuka melini likiwa tayari na chembe za miaka kadhaa.

Chembe ikishanasa, maji na hewa vinaifanya ishike kutu. Pwani, kwenye chumvi na unyevu, kazi hiyo inakwenda haraka zaidi. Kutu inavimba na kuchafua eneo dogo kuizunguka. Kwenye gari jeupe au la fedha utaiona. Kwenye gari jeusi huioni, lakini ipo.

Kwa nini usisugue kwa nguvu?

Rangi ya gari ina tabaka la juu linaloleta mng'ao, ambalo mafundi huliita klia. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele. Ukitumia msasa, waya wa kusugulia sufuria au sabuni ya unga yenye chenga, unaliondoa klia pamoja na kidoti. Likiisha, jua linaichoma rangi, na hapo ndipo utaingia kwenye gharama ya kweli.

Dawa inafanyaje kazi?

Ndani yake kuna kemikali ya jamii ya thayoglikoleti. Ni ndugu wa ile iliyotumika kwenye nywele za kalikiti, na wale wa miaka ya 1980 wataitambua harufu yake, inayokaribia ya yai viza. Ikigusa chuma inashikamana nacho na kukigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye maji. Wakati huohuo rangi inabadilika kuwa zambarau au nyekundu. Kwa hiyo utaona gari "likitoka damu". Usiogope, rangi ya gari haijaharibika. Ni chuma kinachotoka.

Jipime kwanza

Osha gari likauke. Vaa mfuko laini wa mkate mkononi, kisha pitisha vidole taratibu kwenye boneti na milango. Mfuko unafanya vidole vihisi hata kitu kidogo. Pakiteleza, pako sawa. Pakikwaruza kama mchanga, kuna kitu kimenasa.

Hatua za kufuata

1. Weka gari kivulini. Boneti na rimu ziwe za baridi. Kama umetoka safari, subiri breki zipoe.

2. Osha gari kwa shampuu ya gari na maji mengi. Tope likibaki, dawa itaishia kwenye tope.

3. Vaa glavu na miwani, na fanya kazi mahali penye hewa. Dawa hii inaweza kuwasha ngozi.

4. Nyunyizia sehemu moja moja, kwa mfano mlango mmoja, badala ya gari zima kwa mpigo.

5. Acha ifanye kazi. Dawa nyingi zinahitaji dakika 3 hadi 5, ila fuata maelezo ya chupa yako. Usiiache ikauke, kwa sababu itaacha madoa. Ikianza kukauka, mwaga maji mara moja.

6. Suuza kwa maji mengi, hasa kwenye maungio ya milango, chini ya vioo na kwenye taa.

7. Pima tena kwa mfuko. Kama vidoti vipo, rudia mara moja. Vikibaki vichache, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari ukiwa umelowekwa kwa maji ya shampuu.

8. Maliza kwa kupaka nta. Dawa inaweza kudhoofisha nta ya zamani, na rangi isiyo na kinga itanasa chembe mpya haraka.

Ukishamaliza rimu, endesha pole pole na kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuingia barabara kubwa, ili diski zikauke.

Makosa yanayofanyika sana

Kosa la kwanza ni kuendelea kunyunyizia mpaka rangi ya zambarau iishe. Kwenye diski na nati za chuma haitaisha, kwa sababu vyenyewe ni chuma. Angalia rangi ya bodi na rimu tu.

La pili ni kuchanganya. Usiichanganye na maji ya betri, dawa ya choo au dawa ya madoa yenye klorini. Ikikutana na asidi kali inaweza kutoa gesi ya sumu.

La tatu ni kuitumia kila wiki. Kwa bodi, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha magari mengi. Rimu zinaweza kuhitaji zaidi.

Haiondoi nini?

Haitoi lami, utomvu wa miti, mikwaruzo wala madoa ya maji ya chumvi. Na haitibu kutu ya bodi.

Hapa ndipo mnunuzi wa gari la mkononi anapaswa kuwa macho. Chembe za nje huonekana kama vidoti vilivyotawanyika, na rangi iliyo chini yake ni nzima. Kutu ya ndani huinua rangi kama lengelenge, au hutokea pale jiwe lilipobandua rangi mpaka bati likaonekana, au hujificha kwenye kingo za chini za milango na matao ya matairi. Muuzaji akikwambia lengelenge ni vumbi tu, usikubali. Na fundi akikwambia vidoti ni bodi kuoza, nyunyizia kwanza kidogo sehemu moja. Vikigeuka zambarau na kutoka na maji, umeokoa pesa ya kupiga rangi. Visipotoka, na ukucha unahisi rangi imeinuka, hapo mpeleke fundi rangi mapema, kabla kutu haijatoboa bati.