Nusu Inchi Inaweza Kukuangusha Mtihani wa NITA

Fundi wa mtaa, hii ni yako. Ukiingia hadwea yoyote Kayole ama Kariobangi unaitisha mbao mbili kwa nne na paipu ya nusu inchi, unapewa fasta. Sasa jisajili mtihani wa ufundi wa NITA, gredi III, ndio upate kile cheti huulizwa saiti kubwa. Michoro ya mjengo Kenya huja na milimita. Kazi unaijua, ni lugha tu imebadilika.

Inchi moja ni milimita 25.4. Mbao ni rahisi: mbili kwa nne inasomwa 50 kwa 100, imeisha hiyo. Noma iko kwa paipu. Ukipiga hesabu, nusu inchi ni 12.7, si ndio? Lakini PPR ya nusu inchi imeandikwa 20! Manze, hakuna aliyekosea. Nusu inchi ni jina lilitoka kwa tundu la ndani la paipu za chuma za kitambo, na 20 ni upana wa nje. Robo tatu ni 25, inchi moja ni 32. Hizo shika tu kwa kichwa.

Na usijione mshamba, hata Marekani mtihani wa kwanza wa leseni ya mainjinia huchanganya vipimo vyote viwili. Tepu yako iko na pande mbili. Wiki hii pimia ule hugusangi.