Umebadilisha pampu ya oili? Usiwashe gari kabla ya kusoma hapa

Msimu wa korosho ukianza, wengi wetu tunapandisha mizigo Newala na pikapu za zamani. Mimi nauza spea hapa Masasi. Mtu akija kununua pampu ya oili anauliza bei, analipa, anaondoka. Cha kufanya baada ya kuifunga haulizi. Na hapo ndipo mtaji unakatika.

Iko hivi. Kazi ya pampu ni kuvuta oili kutoka kwenye sampu na kuisukuma juu mpaka kwenye beringi za krenki. Pampu mpya ni kavu, ina hewa tupu. Ni kama ile mashine ya kumwagilia bustani: usipoijaza maji kwanza, itanguruma tu na mpira hautoi kitu. Ila mchicha unaweza kusubiri. Beringi hazisubiri, zinasagana chuma kwa chuma na injini inanoki.

Simamia fundi afanye haya:

1. Kabla ya kufunga pampu, amimine oili safi ndani na kuizungusha kwa mkono mpaka oili itokee upande wa pili. Akitaka kupaka mafuta ya mgando kwenye gia zake, sawa, yatayeyuka oili ikipata moto. Grisi kataa, haiyeyuki vizuri na inaweza kuziba njia.

2. Aweke filta mpya. Kama inakaa mdomo juu, aijaze oili kwanza. Kisha oili ya injini ifike kwenye alama.

3. Azuie injini isiwake. Ya petroli, atoe fyuzi ya pampu ya petroli na achomoe soketi za koili. Ya dizeli, achomoe waya wa swichi inayokata dizeli.

4. Apige stata sekunde 10, aipumzishe dakika moja, arudie mpaka taa ya oili izime. Asiing'ang'anie, stata itaungua. Mara kadhaa zikipita na taa bado inawaka, msiwashe gari. Pampu ifunguliwe tena.

5. Taa ikizima, arudishe kila kitu na awashe bila kukanyaga mafuta. Taa ikikaa zaidi ya sekunde chache, azime hapo hapo. Ikizima vizuri, chungulia chini kama kuna uvujaji, halafu pima oili upya.

Fundi mwenye haraka atakwambia, "Bosi, itavuta yenyewe." Mjibu kwa upole kwamba utasubiri. Kazi hii haimalizi hata saa moja. Injini ikinoki katikati ya mlima wa kwenda Newala, utalipa gari la kuvuta, utalipa gari la kuhamisha mzigo, na mteja wako atakuwa keshanunua kwa mwingine.

Kwa hiyo mkipatana bei, muulize kabla hajashika spana: "Fundi, pampu utaijazaje?" Akikosa jibu, tafuta mwingine.